Sura ya Sita: Kichokonoo Mfukoni

Mwezi mmoja baada ya kumzika mama, kufuli la sanduku lake lilitushinda. Ufunguo tuliutafuta kwenye pochi yake, chini ya godoro, hata kwenye kopo la chumvi alimozoea kuficha hela ya dharura. Haukuonekana. Kaka yangu alishashika nyundo. Nikamwomba asubiri, nikaita bajaji, nikalipeleka sanduku kwa fundi funguo anayekaa pembeni ya soko, chini ya mwavuli uliopauka, mbele yake meza yenye jiriwa, tupa mbili tatu na mamia ya funguo zilizotungwa kwenye waya kama samaki.

Fundi hakuligusa sanduku. Alianza na maswali. La nani? Mwenyewe yuko wapi? Nani anakufahamu hapa? Nilipomweleza habari ya msiba alinipa pole, tena pole ya kweli, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini niletee mtu." Ikabidi nimpigie simu mjumbe wetu wa nyumba kumi, naye mzee wa watu akaja kwa miguu. Alipokwisha kusema kwamba ananijua, na kwamba sanduku ni la marehemu, ndipo fundi alipofungua kitambaa cheusi na kutoa vyuma viwili vyembamba. Kimoja kilikuwa kimekunjwa mithili ya herufi L. Kingine kilichongwa kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma, nchani kina kijipinda kidogo kuliko punje ya mchele.

Tulikuwa tumemwagizia mjumbe chai. Kufuli lilifunguka kabla chai haijafika.

Baadaye, alipokuwa akivifunga tena vyuma vyake, niliona havitii mfukoni wala kwenye mkoba wa kurudi nao nyumbani. Aliviingiza kwenye droo ya meza, akaifunga kwa kufuli. Nikamuuliza kama haogopi kuviacha sokoni, maana ndiyo riziki yake. Akanijibu, "Hivi haviendi nyumbani. Jua likishazama, polisi akikuta navyo hakuulizi kazi yako, anakuuliza unaelekea wapi."

Miaka ikapita kabla sijafungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kukuta kwamba fundi yule alikuwa amenisomea kifungu cha 298 bila kukitaja.

Wakati huo nami nilishakuwa mtu wa kufuli. Si fundi. Simfungulii mtu mlango, silipwi. Nanunua kufuli kuukuu kwa wauza vyuma chakavu, nazifungua bila ufunguo, nazifumua nione zilivyo ndani, nazirudisha. Wengine hukusanya stempu, wengine hufuga njiwa. Duniani wapo maelfu ya watu wenye mapenzi kama yangu, na kila anayeanza hujiuliza swali lile lile usiku wa kwanza anapovitazama vyuma vyake juu ya meza: hivi kuwa navyo ni kosa?

Lugha yetu imeshatoa hukumu yake. Ufunguo unaokubali kila kufuli tunauita ufunguo malaya, na neno hilo halimwachii mwenye ufunguo hata nafasi ya kujieleza. Vyuma ninavyovisema hapa si huo. Ufunguo malaya ni ufunguo uliopunguzwa meno ili upite kwenye kufuli nyingi za aina moja. Hivi vyangu huingia kwenye tundu la ufunguo na kuchokonoa, kwa hiyo mimi huviita vichokonoo. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kichokonoo hakifungui kitu chenyewe. Kinachofungua ni vidole.

Kufuli la kawaida, la mlango au la geti, lina silinda ndogo inayozunguka ndani ya mwili wa chuma. Silinda hiyo imezuiwa na vijiti vya shaba viitwavyo pini, vilivyopangwa kwa mstari na kusukumwa na springi kutoka juu. Kila pini imekatwa vipande viwili. Meno ya ufunguo huinua kila pini kwa kimo chake, mpaka mkato wake ulingane na ukingo wa silinda. Zote zikilingana kwa pamoja, silinda inazunguka. Ndivyo alivyoibuni Linus Yale Mdogo, Mmarekani, katika hataza zake za mwaka 1861 na 1865, na ndivyo zilivyo hadi leo nyingi za kufuli zinazouzwa Kariakoo.

Udhaifu wake ni wa kibinadamu. Hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu matano yakakaa kwenye mstari mmoja bila kupishana hata unywele. Kwa hiyo ukiikaza silinda kidogo kwa kile chuma cha L, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Unaitafuta kwa kichokonoo, unaiinua taratibu mpaka isikike kama mtu anayevunja kiberiti chumba cha pili. Kisha ya pili nayo inabanwa. Unakwenda hivyo, moja moja, na kama umekaza kupita kiasi zote zinaanguka na unaanza upya. Mwaka ule wa msiba sikuwa na kazi nyingine iliyoweza kunituliza akili. Mtu hawezi kusikiliza pini ya tatu na huku anahesabu madeni. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba raha hii ipo, na kwamba haina uhusiano wowote na mali ya mtu.

Sheria lakini haijui raha. Ili kuelewa inaogopa nini, lazima turudi London, mwaka 1851.

Mwaka huo London ilikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda vya dunia, ndani ya jumba la vioo na chuma lililojengwa Hyde Park. Miongoni mwa Wamarekani waliofika alikuwamo fundi wa kufuli aitwaye Alfred Charles Hobbs. Wakati ule Waingereza walikuwa na kufuli mbili walizoamini hazifunguki ila kwa funguo zake. Moja ilikuwa ya Chubb, iliyobuniwa mwaka 1818, ambayo mtu akiichokonoa inajifunga na kumjulisha mwenye nayo kwamba imeguswa. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja, fundi kufuli kwa kazi yake, aliahidiwa msamaha na pauni 100 akiweza kuifungua. Akaihangaikia kwa wiki nyingi, akashindwa. Nyingine ilikuwa ya Bramah. Hiyo ilikaa kwenye dirisha la duka, mtaa wa Piccadilly, tangu mwaka 1790, pamoja na tangazo kwamba atakayetengeneza chombo cha kuifungua atapewa gini 200. Miaka 60 ilipita bila mtu kuzichukua.

Hobbs aliifungua ya Chubb mbele ya mashahidi kwa dakika kama 25. Kile kifaa cha kutoa taarifa, kilichokuwa fahari ya waliokiunda, ndicho alichokitumia kujua kipande kipi cha ndani kimeinuliwa kupita kiasi. Kisha akaiendea ya Bramah. Alipewa chumba, na kwa siku 16 akaifanyia kazi jumla ya saa 51 mpaka ikafunguka. Gini zikalipwa, magazeti yakachacha, na wapo waliosema kwamba mtu huyo anawafundisha wezi. Jibu la upande wa Hobbs lilichapwa kwenye kitabu cha kufuli kilichohaririwa na Charles Tomlinson mwaka 1853: wezi ni watu wa kazi yao, wanayajua mambo haya kabla yetu, na anayedhurika kwa kufichwa ukweli ni mwananchi mwaminifu anayenunua kufuli mbovu akidhani ni nzima. Watu wa usalama wa kompyuta wanabishana juu ya hoja hiyo hiyo hadi leo.

Katika mwaka huo huo wa 1851, katika mji huo huo, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu iliyosema kwamba mtu atakayekutwa usiku ana ufunguo wa kuchokonolea, mtaimbo, au chombo kingine chochote cha kuvunjia nyumba, bila sababu halali, ana kosa. Na kuthibitisha sababu hiyo ni juu yake mwenyewe. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Mtu mmoja anashangiliwa kwa sababu ya chuma kilekile ambacho mwingine, akitembea nacho barabara ya nyuma saa tano usiku, angefungwa. Wala sioni kwamba ni unafiki. Hobbs alikuwa chumbani, mchana, mwenye kufuli amekubali, mashahidi wamekaa. Yule wa barabarani alikuwa na chuma na giza tu.

Maneno ya sheria ile yalirudiwa katika sheria ya wizi ya mwaka 1861, yakarudiwa tena katika ile ya 1916, kisha yakapanda meli. Kanuni za Adhabu zilizotungwa kwa ajili ya Tanganyika, Kenya na Uganda mwaka 1930 zilibeba wazo hilo hilo. Ndiyo maana Tanzania ya leo ina kifungu cha 298, kinachomhusu mtu anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na sheria inasema waziwazi kwamba mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo uko mabegani mwake. Akikutwa nacho mchana mambo yanabadilika: hapo upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa. Chuma ni kilekile, mtu ni yuleyule, ila jua likizama mzigo unahama kutoka kwa mshtaki kwenda kwa mshtakiwa.

Hakuna mahali kifungu kinapotaja vichokonoo kwa jina. Hakuna pia kinaposema kwamba kuviweka nyumbani kwako, au kuvinunua, ni kosa kwa kitendo hicho peke yake. Msomaji wa Tanzania anayeniuliza kama anaweza kuwa na kisanduku cha vichokonoo sebuleni, mezani, mchana, huku akifungua kufuli lake mwenyewe, nitamwambia kwamba sioni kifungu kinachomkamata. Lakini atazame ile saa. Mtu wa kazi hupata nafasi ya mapenzi yake jioni, watoto wakishalala. Kifungu hakikusema kwamba nyumbani kwako usiku hauhesabiwi. Sababu yako halali, yaani kwamba unajifunza kwa kufuli zako, ndiyo kinga, na kinga hiyo wewe ndiye unayepaswa kuweza kuionyesha.

Kenya imechukua njia nyingine. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya huko kinamlenga mtu ambaye, akiwa nje ya makazi yake, ana kitu chochote cha kutumia katika uvunjaji wa nyumba usiku, wizi au ulaghai. Maneno hayo yanafanana mno na kifungu cha 25 cha sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, ambayo ilifuta ile habari ya usiku na kuweka habari ya makazi mahali pake. Kwa hiyo Mkenya ndani ya nyumba yake, hata saa nane za usiku, kifungu hiki hakimgusi. Akitoka na vyuma vyake kwenda kwa rafiki mchana kweupe, kinaweza kumgusa. Na kikimgusa, kuna utata wa pili: sheria inasema kwamba kitu kilichotengenezwa au kubadilishwa kwa ajili ya kutenda kosa la namna hiyo kinaweza kuwa ushahidi wa nia. Je, kichokonoo kimetengenezwa kwa ajili ya wizi? Mimi nasema kimetengenezwa kwa ajili ya kufungua kufuli, na wizi ni jambo jingine, kama vile kisu kilivyotengenezwa kwa ajili ya kukata. Nina hakika na hoja yangu. Sina hamu ya kuijaribu mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza nikiwa kizimbani.

Mwaka juzi nilialikwa Nairobi na rafiki tunayeshiriki mapenzi haya. Basi langu lilikuwa la usiku. Nilikaa kitandani na begi wazi, vichokonoo mkononi, nikipiga hesabu: kutoka Dar es Salaam hadi mpakani nitakuwa nchi inayotazama saa, na ni usiku, nikivuka Namanga nitakuwa nchi inayotazama makazi, nami sina makazi huko. Nisingeweza kupanga safari mbaya kuliko ile. Nilivirudisha kabatini. Nilibeba kufuli tu, zenye funguo zake, na rafiki akanionyesha za kwake sebuleni kwake.

Wapo watakaosema kwamba Katiba zetu zimemaliza ubishi huu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa wa jinai kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia. Ni kweli, nazipenda ibara hizo. Lakini ibara iko kwenye kitabu na askari yuko barabarani, na kati ya hayo mawili kuna usiku mmoja au miwili ya mahabusu.

Marekani watu huuliza swali hili kuliko kwingine kote, na jibu linategemea jimbo ulilolala. Majimbo mengi yanataka mwendesha mashtaka athibitishe nia ovu. Kuwa na vyuma peke yake hakutoshi. California, kwa mfano, imeandika hivyo katika kifungu cha 466 cha kanuni yake ya adhabu. Machache yamegeuza. Virginia inasema kwamba kuwa na vyombo vya kuvunjia, kwa mtu asiye mfanyabiashara mwenye leseni, ni ushahidi wa awali wa nia ya kuvunja, na mshtakiwa ndiye atakayeupangua. Ohio nayo ina namna yake ya dhana hiyo. Halafu kuna sheria ya posta ya taifa zima inayokataza kutuma vifaa hivi kwa barua au kifurushi isipokuwa kwa watengenezaji, mafundi kufuli, wauza magari na wachache wengine wa aina hiyo. Wenye mapenzi, hata wale ambao jimbo lao haliwagusi, hawamo kwenye orodha.

Iliyonisimamisha ni ya Nevada. Huko nako kuwa na vyombo hivi ni ushahidi wa awali wa nia ovu, isipokuwa kwa fundi aliye katika duka au mahali pake pa kazi panapojulikana, pakiwa wazi machoni pa watu. Niliposoma maneno hayo nikaona mwavuli uliopauka, jiriwa, na zile funguo zilizotungwa kwenye waya. Watunga sheria wa jangwani, ng'ambo ya bahari mbili, walikuwa wamemwelezea fundi wangu. Kinachomkinga ni kwamba kila mpita njia anamwona na kila mtu sokoni anajua anachofanya. Akivitia vile vyuma mfukoni na kuondoka, ameuacha ulinzi wake pale mezani.

Japani imekwenda mbali kuliko wote niliowasoma, na ili kuwatendea haki lazima niseme kwa nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 nyumba za ghorofa huko zilivamiwa na wezi ambao kweli walichokonoa. Milango mingi ilikuwa na aina moja ya silinda, ya visahani badala ya pini, iliyokuwa rahisi kufunguka kwa mkono uliozoea, na magenge yakaigundua. Mwaka 2003 Bunge likatunga sheria ya kukataza kumiliki vyombo maalumu vya kufungulia kufuli. Kumiliki, popote, hata ndani ya nyumba yako, isipokuwa kwa kazi au sababu nyingine ya haki. Adhabu ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yeni 500,000. Anayemuuzia mtu huku akijua hana sababu hiyo anaweza kupata miaka 2. Na sheria hiyo hiyo inakataza kutembea umeficha bisibisi yenye urefu wa sentimita 15 au zaidi, au mtaimbo wa kuanzia sentimita 24. Hapo mtu wa mapenzi yangu amefungiwa mlango kabisa, maana kusema "napenda" ni vigumu kuhesabiwa kuwa sababu ya haki.

Siwalaumu Wajapani kwa kuogopa. Nawapinga kwenye tiba. Ugonjwa ulikuwa kufuli dhaifu kwenye milango mingi, na kilichotibu kwa kweli ni kuzibadilisha silinda zile. Kumnyang'anya kila mpenzi wa kufuli vyuma vyake hakuifanyi silinda mbovu kuwa nzima. Inabaki mbovu vilevile, ila sasa hakuna wa kukuambia.

Na hapa kwetu? Nenda kaangalie mlango uliovunjwa. Utaona mbao zimepasuka kwenye komeo, pete ya kufuli imekatwa kwa mkasi wa nondo, nondo za dirisha zimetanuliwa kwa jeki, au bati limefunuliwa. Mwizi hana dakika kumi za kusikiliza pini, na mtaimbo hauhitaji mwaka wa mazoezi. Nimezungumza na mafundi milango wengi wakati wa kuandika kitabu hiki, na kazi wanayoitiwa asubuhi baada ya wizi ni ya kubadilisha fremu, mara chache sana silinda nzima isiyo na mkwaruzo. Mtaimbo huo huuzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na hakuna anayemtazama mnunuzi mara mbili.

Uholanzi na Ujerumani zimenionyesha kwamba inawezekana kuishi bila hofu hii. Mwaka 1997 wapenzi wa kufuli wa Ujerumani waliunda chama kilichosajiliwa, wakakiita cha michezo, wakafanya mashindano ya hadhara ya kufungua kufuli kwa saa. Waholanzi nao wakaunda TOOOL, ambayo leo ina matawi hadi Marekani. Watu hawa wamegundua kufuli za bei ghali zilizofunguka kwa ujanja mdogo, wakawaeleza watengenezaji, na kufuli zikarekebishwa. Wana masharti mawili ambayo mwanachama hapaswi kuyavunja. La kwanza, usifungue kufuli isiyo yako bila ruhusa ya wazi ya mwenyewe. La pili, usichokonoe kufuli inayotumika, hata kama ni yako, kwa sababu pini ikikwama utalala nje na mlango umeuharibu. Nami nimeyashika masharti hayo kuliko kifungu chochote cha sheria.

Nimeyaongezea mengine machache, ya huku kwetu. Vichokonoo vyangu vinakaa kwenye sanduku la mama, pamoja na kufuli ninazojifunzia, ili atakayevikuta akute na sababu yake hapohapo. Risiti ninayo. Kila kufuli niliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu nimeiandika kwenye daftari: tarehe, niliipata wapi, ilinichukua muda gani. Daftari lile lilianza kama la kumbukumbu. Sasa nalitunza kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja. Sitembei na vyuma hivi barabarani, mchana wala usiku. Anayetaka kuona anakuja nyumbani, nampikia chai, tunakaa mezani, mlango wazi.

Nikaona pia kwamba haifai majirani wasikie habari hii kutoka kwa mtu mwingine. Jumamosi moja nikaenda kwa mjumbe, yule yule aliyekuja sokoni kwa miguu siku ya sanduku. Nilimweleza yote, nikamwonyesha daftari, nikamwambia vyuma viko nyumbani na anaweza kuja kuviona siku yoyote. Alilipekua ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali ya maana, akataka kujua kwa nini kufuli moja ilinichukua wiki tatu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kufuli la shaba lililoshika kutu, kubwa kama ngumi ya mtoto. Lilikuwa la banda lake la kuku, akasema, na ufunguo umepotea tangu masika. Kwa kuwa mimi ni mtaalamu, basi nimfungulie.

Nililishika. Lilikuwa zuri, la zamani, zito, na vidole viliniwasha.

"Mzee wangu," nikamwambia, "naomba radhi. Niletee mtu anayejua kwamba ni lako."

Alinitazama kwa muda. Kisha akageukia mlangoni, akamwita mkewe atoke.